Mama Mkasi na Ile Namba Saba

Jina lake la kwenye vyeti hakuna anayelitumia. Jengo zima, kuanzia mlinzi wa getini mpaka mkurugenzi, humwita Mama Mkasi, na asiyejua sababu hudhani ni kwa ajili ya ulimi. Ulimi anao, sikatai, lakini jina halikutoka huko. Lilitokana na mkasi wa kweli, mdogo, wenye ncha kali, ambao mpaka leo umo kwenye mfuko wa kushoto wa koti lake jeupe, ingawa kazi yake ilikwisha miaka kumi na miwili iliyopita.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ndani ya kila chembe ya mwili wa mtu mna nyuzi fupi fupi arobaini na sita. Ndizo kromosomu, na ndizo zilizobeba maagizo yote ya kumjenga mtu, pua ya baba mpaka kisigino cha bibi. Huja mbili mbili, moja ya mama na moja ya baba. Ukiikamata chembe wakati inajigawa, ukaitia rangi na kuichungulia kwa hadubini, utaziona zina milia ya giza na mwanga, zimetawanyika ovyo kama nguo zilizomwagwa kutoka kapuni. Zamani Mama Mkasi alizipiga picha, akaisafisha picha kwenye chumba cha giza, akakata kila moja kwa mkasi, kisha akazipanga jozi jozi kwenye karatasi, kila jozi na namba yake, ndefu mwanzo na fupi mwisho, akabandika kwa gundi. Mtu mmoja alichukua siku nzima. Ukipiga chafya tu, nusu ya binadamu anaruka chini ya meza.

Siku hizi kuna kompyuta. Picha inaingia, mashine inazitenganisha yenyewe, inazinyoosha na kuzipanga, na kabla hujamaliza kufuta miwani mtu mzima yuko mbele yako amejipanga. Mama Mkasi aliipa jina la Mkwe.

"Kaletwa nyumbani sikuulizwa," husema akiulizwa. "Namheshimu, namkaribisha, lakini jicho simwondolei."

Na Mkwe anahitaji jicho kweli. Kromosomu mbili zikilaliana, huziona moja. Moja ikijikunja, huikata vipande viwili. Tena ana tabia ya kupindua vitu. Kila kromosomu ina kiuno, yaani pale ilipobanwa, na kwa kawaida kiuno hakikai katikati kabisa. Upande mmoja huwa mfupi na mwingine mrefu. Sheria ya kazi ni upande mfupi juu, upande mrefu chini, sawa na kifua na miguu. Mkwe husahau, akamsimamisha mtu kwa kichwa. Ndipo anapotakiwa binadamu aketi pale na kipanya mkononi, atenganishe, ahamishe, ageuze, halafu akubali. Mama Mkasi hufanya hayo kwa kasi ambayo mashine yenyewe ingeona haya.

Mashine huandika kila unapoisahihisha. Kila mwisho wa mwezi karani wa maabara, mwanamume mnene anayekaribia kustaafu na asiyejua kunyamaza, huchapa orodha ya masahihisho na kuipeleka kwa wakubwa, maana wakubwa wanataka kujua kama bado mikono ya watu inahitajika au mashine iachiwe nyumba. Hivyo orodha ile imekuwa fahari ya Mama Mkasi. Kila sahihisho ni ushahidi kwamba Mkwe peke yake hawezi.

Jumatano moja alasiri karani alimwekea karatasi mezani.

"Mia tatu na kumi na mbili, dada," alisema. "Umevunja rekodi yako mwenyewe. Huyo mkwe wako atarudishwa kwao."

"Nilisema mimi."

"Lakini nawe una visa. Hii sampuli ya yule bwana wa juzi umeipindua namba saba mara nane. Mara nane, mtu mmoja. Umemgeuza mpaka kizunguzungu kimpate."

Mama Mkasi alicheka naye, akaikunja karatasi akaitia mfukoni pamoja na mkasi. Bwana wa juzi alimkumbuka. Zaidi alimkumbuka mkewe.

Maabara ile ni ndogo, na anayesoma sampuli ndiye anayetoa damu. Wiki tatu kabla, mume na mke walikuwa wameingia kwenye chumba cha kwanza, kile chenye kiti cha mkono mpana na pazia lisilofika chini. Mke alikuwa fundi wa nguo. Pini mbili alikuwa amezisahau kwenye ukosi wa gauni lake, na futi ya kupimia ilichungulia mkobani. Mume alikuwa mfanyakazi wa ghala, mpole, wa kujibu maswali baada ya kufikiri. Mimba tatu zilikuwa zimetoka katika miaka minne. Damu ya mke ilitolewa kwanza, kisha ya mume, naye mume akatoka kwenda kujaza fomu kabla ya zamu yake, na mke akabaki amebana pamba kwenye mkono.

"Wakikuta kitu watatuambia?" aliuliza.

"Watawaambia, mwanangu."

"Na wasipokuta?"

"Wasipokuta watasema hakuna kitu."

Fundi yule alitazama pamba yake. "Kwao wanasema tumbo langu halishiki. Mama mkwe kasema nikapimwe, tusikie. Wakisema hakuna kitu, basi kitu ni mimi."

Hakulisema kwa kilio. Alilisema kama mtu anayetaja vipimo vya suruali, na ndiyo maana Mama Mkasi hakuweza kulisahau. Sampuli ya mke ilipotoka safi, alishusha pumzi. Sampuli ya mume nayo ikatoka safi, na hapo hakujua afurahi au ahuzunike. Chembe kumi na tano za kila mmoja, kama desturi ya maabara ile. Zilihesabiwa, zikapangwa, zikakubaliwa. Daktari mkuu alizitazama karatasi zilizokwisha kupangwa, akatia sahihi. Wenyewe walikuwa waje Alhamisi saa nne asubuhi, na Alhamisi ilikuwa kesho.

Jioni ile alimkuta mumewe, dereva mstaafu, ameketi kwenye mkeka sebuleni na rundo la soksi mbele yake. Tangu astaafu alijitwalia kazi ya kufua, na hapendi kusaidiwa. Soksi nyeusi zote zinafanana, ila yeye anadai anazijua kwa sura.

"Hata mimi nina maabara," alisema bila kuinua kichwa. "Leo nina mgonjwa ana soksi tatu."

Mama Mkasi alivua viatu, akaketi pembeni yake, akamsimulia habari ya rekodi. Mia tatu na kumi na mbili. Alimsomea orodha, kwa kujisifu kidogo, mpaka akafika kwenye mstari wa namba saba, akausoma nao kama kichekesho alichokisema karani.

Mzee aliacha soksi. "Mara nane kwenye kitu kilekile?"

"Kilekile."

"Na hizo namba saba si ziko mbili? Huyo Mkwe alikuwa anapindua zote mbili?"

Mama Mkasi aliurudia ule mstari kwa kidole. Orodha ilisema namba saba tu, haikusema ipi. Hakuwa amejiuliza.

"Mimi mashine sizijui," mzee alisema, "lakini nimeendesha lori miaka thelathini. Gari likivutia kushoto mara moja, ni shimo. Likivutia kushoto mara nane, hilo halijakosea, lina neno linakwambia. Unashuka unachungulia."

Alirudi kwenye soksi zake. Mama Mkasi alikaa na ile karatasi mapajani mpaka chakula kikapoa. Ukimwuliza leo atakwambia haikuwa hofu iliyomshika mwanzoni. Ilikuwa ni kule kuwashwa na kutaka kujua, sawa na mtoto aliyekatazwa kufungua sanduku. Kwa nini namba saba? Mkwe hupindua ndogo zile, zinazofanana vichwa na miguu. Namba saba ni kubwa, kiuno chake kinajulikana, na mguuni ina mlia mweusi mpana ambao hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza hauwezi kumpita. Mkwe alikuwa ameona nini?

Asubuhi alifika saa moja. Ufunguo, taa, koti, kompyuta. Alizifungua zile chembe kumi na tano, safari hii jinsi mashine ilivyozipanga yenyewe kabla ya mkono wake kugusa chochote.

Chembe ya kwanza ilikuwa na namba saba mbili kando kwa kando, ya kulia kichwa chini. Ya pili zote zilikuwa wima. Ya tatu, ya kushoto kichwa chini. Alichukua karatasi akaanza kuchora. Mashine huziweka kushoto au kulia bila mpango, kwa hiyo ilimbidi azitambue kwa sura, kama soksi za mzee. Kufikia chembe ya sita alikuwa ameacha kuchora, amesogeza kiti mpaka pumzi yake inagonga kioo.

Haikuwa yoyote kati ya mbili. Ilikuwa ni moja, ileile kila mara. Mwenzake Mkwe hakumpindua hata siku moja. Huyu mmoja, mara nane alimweka kichwa chini na mara saba wima, kana kwamba hajui juu ni wapi. Na alipoitazama vizuri akaona kwa nini. Kiuno chake kilikuwa karibu katikati. Mwenzake alikuwa na kifua kifupi na mguu mrefu kama inavyotakiwa. Huyu kifua na mguu vilikaribia kulingana. Mashine ilikuwa inatafuta upande mfupi, na upande mfupi haukuwepo.

Sasa yeye, Mama Mkasi, miaka ishirini na sita kazini, alikuwa akiona nini? Alikuwa akiona mlia. Mlia mpana ukiwa juu, jicho linasema imepinduka, kidole kinabofya, mlia unarudi chini mahali pake, mambo kwisha. Ukishauona mguu unasema mtu umemjua, unapita zako. Hakupanda juu kutazama.

Alipanda sasa. Chini milia ilikubaliana na ya mwenzake mmoja mmoja. Juu kabisa, kichwani, ilikubaliana pia. Lakini pale kati, kuanzia kifuani mpaka kupita kiuno, ilikataa. Aliigeuza ile kromosomu kichwa chini kama Mkwe alivyokuwa ameiweka, na kile kipande cha kati kikakubali, kichwa na mguu vikakataa. Aliigeuza tena. Kichwa na mguu ndiyo, kati hapana. Kipande cha kati kilikuwa kimekatika zamani, kikazunguka, kikajishona kwa kupinduka. Hakuna kilichopungua na hakuna kilichozidi, ndiyo maana mwenye nacho ni mzima wa afya, anabeba magunia ghalani. Ila anapotaka kugawa nusu yake kwa mtoto, kipande kile kinaweza kuvuruga mgao, mtoto akapata maagizo yenye pengo hapa na marudio pale, na mimba isikae.

Hapo udadisi ulimtoka, aibu ikaingia. Wahenga wamesema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, na yeye alikuwa amelirudia mara nane, tena akapewa karatasi ya kusifiwa. Mashine ilimwambia mara nane kwa lugha pekee iliyokuwa nayo, naye kila mara akaiziba mdomo. Saa ya ukutani ilisema saa mbili na nusu. Ripoti ya "hakuna kitu" ilikuwa kwenye bahasha mezani kwa daktari, ikimngoja yule fundi na pini zake.

Ilikuwepo njia ya kimya, nayo aliifikiria. Asiyefikiria njia za kimya si binadamu. Angeweza kusema sampuli imeonekana haitoshi, irudiwe mwezi ujao, halafu "agundue". Angebaki na rekodi yake. Na yule binti angeishi mwezi mzima yeye ndiye kitu. Mficha maradhi kilio humfichua, alijisemea, akachapa karatasi tatu, akaenda kugonga mlango wa daktari.

Daktari alikuwa amefundishwa kazi hii na yeye, enzi za gundi, na mpaka leo akimwona husimama kidogo kabla ya kukumbuka kwamba yeye ndiye mkubwa.

"Mama, mbona mapema?"

"Ile bahasha ya saa nne usiitoe. Nimekosea."

Alimweleza bila kuipamba. Daktari alizitandaza karatasi, akavaa miwani, akainama. Kidole chake kilipanda na kushuka kwenye ile namba saba.

"Na mimi nilitia sahihi," alisema mwishowe.

"Wewe ulitazama nilichokwisha kukigeuza. Hukupewa nafasi ya kushangaa. Aliyepewa ni mimi."

"Mashine iliona?"

"Haikuona. Ilishangaa tu. Kushangaa kulitosha, ningesikiliza."

Daktari aliichana ripoti ya zamani, akaanza kuandika nyingine, kisha akasimamisha kalamu. "Utakuwepo saa nne. Mimi nikianza kuwaeleza haya nitaanza kusema kisomi, na yule bwana ataondoka na kichwa kimevimba. Wewe utawaonyesha."

Saa nne waliingia. Mume alikuwa amevaa shati la kutokea. Mke alikaa kwenye ukingo wa kiti, mkoba mapajani, kama mtu ambaye hatakaa sana. Daktari aliwaambia kwanza kwamba ripoti yao imebidi iandikwe upya kwa sababu maabara ilikuwa imekosea, na kosa limerekebishwa leo asubuhi. Mama Mkasi akadakia.

"Si maabara. Ni mimi."

Kisha akatoa mkasi mfukoni. Alikuwa amechapa zile namba saba mbili kwa ukubwa wa kiganja. Alizikata moja moja, taratibu, mkono ukikumbuka njia yake, akazilaza mezani kando kwa kando. "Hii ni ya upande mmoja wa wazazi wako, na hii ya upande mwingine," alimwambia mume. "Tazama milia." Akaikata ile ya pili mara mbili, akakitoa kipande cha kati, akakizungusha, akakirudisha. Milia yote ikakaa sawa na ya jirani yake, kuanzia kichwani mpaka mguuni. Akakizungusha tena kama kilivyokuwa, ikakataa.

"Hivi ndivyo ilivyo kwako. Umezaliwa nayo. Hukula kitu, hukufanya kitu."

Mume alikuwa bado anafikiri. Mke ndiye aliyesogea. Aliweka mkoba chini, akainamia meza, akakigusa kile kipande kwa ncha ya ukucha.

"Kitambaa kimetimia," alisema polepole. "Hakuna kilichopungua. Ila hiki kimeshonwa maua yakiangalia chini."

"Ndiyo, mwanangu."

"Nguo unavaa. Hakuna anayejua. Tatizo ni ukitaka kukata nyingine kwa kuifuatisha hii."

Daktari alimtazama Mama Mkasi, kisha akamtazama fundi, na nadhani hapo alifuta kichwani nusu ya hotuba yake. Alichobakiza alikisema kwa ufupi: kwamba zile mimba tatu zilikuwa na sababu, na sababu sasa inajulikana, kwamba si kila mimba itapata mgao mbovu, nyingine hutoka salama, na kwamba ijayo itaweza kuchunguzwa mapema, maana sasa wanajua pa kutazama. Hakuahidi mtoto. Alisema nafasi ipo.

Mume alimaliza kufikiri. Alikuwa amezitazama zile karatasi muda wote, mikono imelala magotini.

"Basi ni mimi," alisema.

Mama Mkasi alijiandaa. Alishaona wake waliopewa silaha ya namna hii wakaitumia palepale, na hakuwalaumu. Fundi yule alimgeukia mumewe, akamwangalia vizuri, pengine kwa mara ya kwanza tangu waingie.

"Miaka minne ilikuwa ni mimi," alimwambia. "Leo acha isiwe mtu."

Kisha akaomba karatasi na gundi. Alizibandika zote mbili mwenyewe, kile kipande cha kati kikiwa kimepinduka vilevile, akapulizia zikauke, akaitia karatasi mkobani juu ya futi yake ya kupimia, ili jioni akamwonyeshe mama mkwe.